Paa Lishuke Vidole Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi. Ofisi yangu ni kibanda cha mbao ndani ya gereji, chenye dirisha moja linalotazama magari badala ya kutazama nje. Nina meza, simu, rula na kiti kinachoyumba. Bosi, mwanamke wa maneno machache, ameniambia niko kwenye majaribio mpaka mvua za masika ziishe, kisha tutaonana. Hakutabasamu.

Siku ya usaili hakugusa hata vyeti vyangu. Alinipa makopo matatu ya rangi, akaenda kusimama kule mlangoni, akataka nimsomee vibandiko vyake kwa sauti. Nilisoma mara tatu. Nilidhani ananidhihaki.

Naandika haya kwa sababu dada yangu, ninayekaa naye chumba kimoja, amechoka na hofu zangu. "Mwambie daftari, kifaranga," amesema. "Lenyewe haliamki alfajiri kwenda kazini."

Jumatano, 5 Machi

Grenda, mashine ya kukatia vyuma, ikiwashwa naruka. Anayechomelea vyuma hapa ni mwanamke wa makamo wanayemwita Cheche. Ameshanigundua. Sasa kabla ya kuiwasha ananiita kwanza: "Karani, shika roho."

Ijumaa, 7 Machi

Limeletwa gari la zamani, la milango miwili, mgongo wake wa mviringo kama kobe. Lilisukumwa kuanzia barabarani. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye kofia ambayo aliivua kila alipopita mlangoni hata pale penye nafasi. Alitoa mfukoni karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mpaka ikakaribia kukatika. Ni mchoro wa gari hilihili, ila paa lake liko chini, madirisha membamba, kama mtu anayekaza macho juani.

"Tulilichora mimi na marehemu kaka yangu," alisema. "Gari lilikuwa la baba, hatukuruhusiwa hata kuliegemea. Kaka alisema likija kuwa letu, paa lishuke. Sasa limebaki langu peke yangu."

Aliyempokea ni Mzee, fundi wa bodi, baba yake Bosi. Bosi humwita "Mzee" saa za kazi, na "Baba" baada ya saa kumi na moja. Mzee aliutandaza mkono wake juu ya kioo cha dirisha la gari, vidole vimelala.

"Vidole vinne," alisema.

"Vidole vinne," Mwalimu alikubali, wakapeana mkono.

Nikabaki na fomu ya kazi. Sehemu ya kipimo inataka sentimita. Niliuliza vidole vinne ni sentimita ngapi, lakini niliuliza kwa sauti yangu, na kompresa, ile mashine ya upepo, ilikuwa inanguruma. Sikurudia. Nilirudi kibandani, nikalaza vidole vyangu vinne juu ya rula, nikasoma sita na nusu. Nikaandika 6.5, kwa mwandiko mzuri.

Cheche alikuja kuchukua fomu. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba Mzee ameshaapa: akiharibu gari moja tu, anaweka nyundo chini moja kwa moja. "Na akiiweka," alisema, "hatafika mwakani. Yule anapumua kwa bati."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Paa la gereji linavuja mahali saba. Nimehesabu.

Jumanne, 11 Machi

Cheche alikuwa ndani ya gari akichomelea vyuma vya kulishikilia, maana ukikata nguzo za paa bila kulifunga kwa ndani, bodi inajikunja. Kwa hiyo Mzee aliniita mimi.

"Karani, wewe chukua upande wa kulia, nguzo zote. Soma fomu, weka alama. Mimi niko kushoto."

Alinipa futi ya mkanda na chaki. Nilipima kila nguzo mara nne. Yeye hakutumia futi. Alilaza mkono juu ya nguzo, akachora chaki juu yake na chini yake, akasonga kwenye nyingine. Nilidhani ni maringo ya ufundi. Alimaliza nguzo zake zote mimi nikiwa bado kwenye ya pili.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekata. Nilitazama kupitia dirisha langu nikiwa nimeziba masikio. Vipande vya nguzo vilikuwa vikidondoka sakafuni kimoja kimoja, kisha watu wanne wakalinyanyua paa na kulilaza juu ya madrumu mawili. Gari lilibaki kama mtu aliyevuliwa kofia mbele ya wakwe.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Gari lisilo na paa limekaa chini ya paa linalovuja. Tumelifunika kwa turubai, na kila baada ya saa moja naenda kumwaga maji yaliyojikusanya katikati yake. Hakuna aliyenituma.

Jumanne, 18 Machi

Nimekaripiwa. Nyundo za hapa zina mipini ya rangi: nyekundu kali, njano, nyeupe. Nilikuta nyekundu iko mezani, nikaitundika kwenye ndoano ya njano. Bosi alinifuata mpaka kibandani. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Katika gereji hii," alisema, "kitu kinarudi kilikotoka. Si karibu na kilikotoka."

Nyundo tu. Kwa kweli sijaona mtu mwenye roho ngumu kwa mambo madogo kama huyu. Kila jioni anapita na brashi akirudia mistari myeupe sakafuni, kama uwanja wa mpira. Cheche anasema nimzoee. Sidhani kama nitamzoea.

Alhamisi, 20 Machi

Mzee alimimina chai pembeni ya kikombe. Alisikia mlio wake, akasogeza kikombe, akaendelea kuzungumza.

Baadaye nilimpelekea barua ya muuza vioo anayeuliza kama kioo cha mbele kitakuwa bapa au cha kupinda. Aliishika mbele ya uso, akaitazama kitambo, akaitikia kwa kichwa. "Sawa, sawa. Mwambie tutampigia."

Alikuwa ameishika juu chini.

Ijumaa, 21 Machi

Usiku kucha nilifikiri juu ya jambo moja: kama haoni maandishi, alama za upande wa kushoto alizipimaje?

Leo wakati wa chakula nilienda kwenye pipa la vyuma chakavu. Vipande vya nguzo vilikuwa juujuu, na vile vya kulia nilivijua kwa chaki yangu, ambayo ni nyembamba. Nilivipeleka kibandani, nikafunga mlango, nikapima. Vya kulia: sita na nusu. Vya kushoto: nane na nusu, vyote, kimoja baada ya kingine, bila kutofautiana hata unywele.

Niliulaza mkono wangu juu ya kimoja cha kushoto. Vidole vyangu vinne havikufika ukingoni.

Mzee alipima kwa mkono uleule uliolala kwenye kioo mbele ya Mwalimu. Mimi niliandika mkono wangu mwenyewe kwenye fomu. Paa likirudi litaegemea upande mmoja, na yeye atadhani ni macho yake.

Nimeviweka kwenye droo, chini ya fomu tupu.

Jumamosi, 22 Machi

Sikusema.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Bosi alikuwa na watu mchana kutwa. Sikusema.

Jumanne, 25 Machi

Mzee alinisimulia jinsi alivyojifunza kunyoosha bati kwa kulisikiliza. Aligonga bati zima, kisha lenye ufa, nikaambiwa nieleze tofauti. Nilieleza. Alinisifu. Sikusema.

Jumatano, 26 Machi

Mwalimu alikuja kuliona gari. Aliomba kukaa ndani. Tukatoa turubai, akaketi nyuma ya usukani, ameshika mwavuli, mvua ikidondoka kutoka kwenye bati la gereji.

Mzee alipanda kwenye kreti, akashusha mkono juu ya kichwa cha Mwalimu mpaka kiganja kikakutana na upara.

"Paa litafika hapa. Nafasi iliyobaki ni ya karatasi," alisema. "Mwalimu, usiote nywele."

"Nimejaribu miaka ishirini, hazinisikii."

"Basi kofia itapanda kiti cha abiria."

"Hicho ni cha kaka," alisema Mwalimu. Kisha akacheka kidogo. "Lakini alikuwa akipenda kofia zangu. Watakaa wote."

Nilirudi kibandani nikafungua droo. Nikaifunga.

Jumatatu, 31 Machi

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Mvua ilipumzika asubuhi. Bosi akasema paa lirudi leo. Tulilibeba watu wanne: Mzee na Bosi mbele, Cheche na mimi nyuma. Nilikuwa nimejiambia nitasema kabla halijanyanyuliwa. Likanyanyuliwa. Nikajiambia, kabla halijafika kwenye gari. Likafika.

Mzee alikuwa ametutahadharisha kwamba miguu ya paa haitakutana sawasawa na visiki vyake, kwa sababu nguzo za gari hili zimelala kwa ndani, na ukizifupisha kila mguu unaangukia pengine. Hilo lina dawa, alisema. Basi tukalilaza, Cheche akaingiza vibanio. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa upande mmoja, akakinyoosha, akakiinamisha tena.

"Ama shingo yangu ina kasoro," alisema, "ama gari hili linasikiliza siri."

Hakuna aliyecheka. Mzee alipitisha kiganja juu ya paa kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika kulia alisimama. Akarudi alikoanzia, akapitisha tena, taratibu zaidi. Mara ya tatu hakufika mwisho. Aliufuta mkono kwenye ovaroli kama mtu aliyemaliza kula, akachukua nyundo ya mpini mwekundu, akaiweka juu ya drumu bila kutoa mlio.

"Si mkono," alisema. "Ni macho. Nimeyaficha mwaka mzima. Nilisema gari moja tu, na moja ndilo hili."

"Baba," alisema Bosi.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Niliondoka pale. Nadhani wote waliona nimekimbia, na hata mimi, mpaka nafika kibandani, sikuwa na uhakika kama sikimbii. Nilifungua droo. Nilivipakata vile vipande nikarudi navyo na kuvipanga juu ya boneti, vya kushoto kushoto, vya kulia kulia.

"Kushoto ni nane na nusu, kulia ni sita na nusu," nilisema. Sauti ilitoka kubwa, sijui ilitoka wapi. "Kushoto ni kwa Mzee, na vyote vinalingana. Hakukosea hata kimoja. Vidole vinne vilikuwa vyake. Mimi niliandika vyangu."

Bosi alivitazama vipande, akanitazama mimi.

"Umejua lini?"

"Siku kumi."

"Siku kumi," alisema. "Umemwacha baba yangu abebe paa hilo mabegani, wewe ukijua anakwenda kuaibika."

"Niliogopa."

"Bati likikosewa linakatwa, linachomelewa, tunakunywa chai. Mdomo uliofungwa nauchomelea nini?"

Nilianza kufikiria mkoba wangu uko wapi na nitamwambia dada nini. Ndipo Mzee akanyoosha mkono wake, kiganja juu, si mbele yangu hasa bali kule alikosikia sauti yangu.

"Lete mkono, mwanangu."

Nilimpa. Akaulaza juu ya wake, vidole juu ya vidole, akaupapasa pembeni kwa kidole gumba.

"Cheche, njoo uone. Huu ni mkono au kitana?"

"Huo ni wa kuchokolea meno, Mzee."

Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akatafuta tairi la kukalia. Alipotulia alifuta macho yake, yale yale.

"Mimi nimeficha mwaka, huyu kaficha siku kumi," alisema. "Haya Bosi, nani anatangulia kufukuzwa?"

Bosi alikuwa ameshatugeuzia mgongo. Alisimama mlangoni akitazama mvua ambayo ilikuwa ndiyo inaanza tena.

"Turubai," alisema. "Mkimaliza kucheka, funikeni gari."

Alipogeuka alikuwa na mstari mweusi wa grisi shavuni, mahali alipojifuta. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 1 Aprili

Nilikuja na mkoba mtupu wa kubebea vitu vyangu. Ofisini nilikuta fomu mpya mezani, mwandiko wa Bosi: "Upande wa kulia, ongeza mkato. Karani apime. Mzee ahakikishe." Nimeukunja mkoba nikauweka kwenye droo.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi nyundo nyekundu ilikuwa kwenye ndoano yake. Mzee alinyoosha mkono akiwa anazungumza na Cheche, bila kugeuka, akaipata.

Nilisimama nikatazama ile mipini, na ile mistari myeupe sakafuni, inayopita kutoka mlangoni hadi mezani na kutoka mezani hadi kwenye gari. Na mimi ndiye niliyeandika humu kwamba Bosi ana roho ngumu.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumekata tena upande wa kulia. Safari hii Mzee alilaza mkono kwenye nguzo, mimi nikashika futi juu ya mkono wake. "Soma." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena. Cheche alipoinua grenda aliniambia nishike roho, nikamwambia nimeshika futi, sina mkono wa pili.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ile dawa ya miguu isiyokutana nimeiona. Wamelipasua paa katikati, upana wote, wakalivuta nusu mbele na nusu nyuma, na pengo litazibwa kwa ukanda wa bati. Mzee anaugonga ukanda huo juu ya gunia la mchanga kwa nyundo nyekundu, kipigo baada ya kipigo, akifumba macho. Anasema akifumba anaona vizuri zaidi kuliko akifumbua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepiga simu nane leo bila kuandika kwanza nitakachosema.

Ijumaa, 25 Aprili

Bosi alikuja kibandani kusubiri mvua ipungue. Nikamuuliza, bila kupanga, amejua lini kuhusu macho ya Mzee.

"Kabla yake yeye," alisema. "Aliponiuliza kwa nini napaka mipini rangi, nilimwambia wateja wanapenda gereji inayovutia."

"Na yale makopo ya usaili?"

"Nilisimama pale anaposimama yeye akinyoosha bati. Waliokuja kabla yako walikuwa na vyeti virefu kuliko vyako. Lakini nilikuwa namsikia kila mmoja wao neno moja, la pili limemezwa." Alitazama nje. "Wewe ukizungumza, hakuna anayesikia. Ukisoma, mbwa wa jirani anaelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kumvunjia heshima?" Aliinyoosha rula yangu ikalingana na ukingo wa meza. "Ndiyo. Najua. Na mimi nilifunga mdomo. Usinitazame hivyo, Karani."

Sikujua kwamba namtazama.

Jumanne, 6 Mei

Msasa kutwa nzima. Nimepitisha kiganja kwenye viungo vya nguzo nikatafuta mahali walipounganisha. Sikupaona. Mzee akaushika mkono wangu, akaupeleka mahali hasa, akaukandamiza. Hapo nikahisi, kama kovu la zamani sana.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna mvua siku ya nne. Vioo vimeingia.

Jumamosi, 17 Mei

Mwalimu amekuja kulichukua. Alilizunguka gari mara mbili akiwa ameshika ile karatasi, akiinua macho na kuyashusha. Akaingia. Akakaa. Upara wake uligusa paa, akateremka kidogo kitini kama mwanafunzi mtukutu, ukaacha kugusa. Kofia aliiweka kiti cha pembeni. Akaifunga mkanda.

Mzee alisimama kando ya dirisha, akaulaza mkono juu ya kioo, kama siku ile. Madirisha sasa ni membamba na mkono ulijaza karibu dirisha lote.

"Twende taratibu," Mwalimu alisema. Sijui alikuwa anamwambia nani. Gari likatoka kwenye jua, chini, limekaza macho.

Baada ya chai Bosi aliniita. Alisema mvua zimeisha, kwa hiyo na majaribio yameisha, na kwamba Jumatatu lipo gari lingine, nisichelewe. Ndiyo yote.

Lakini niliporudi kibandani nilikuta Mzee amenitangulia, amekalia kiti changu kinachoyumba. Mezani palikuwa na kipande cha chuma bapa, kimepigwa tupa mpaka kinang'aa, kina tundu la kutundikia juu. Anasema alikuwa akikitengeneza siku zile za mvua, kwa kupapasa.

"Kipime," alisema.

Nikachukua futi. "Nane na nusu."

"Pande zote?"

Nikapima pande zote, kwa sauti. Nane na nusu. Nane na nusu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

"Siku moja nitaacha kuja," alisema. "Mteja akisema vidole vinne, usilete vyako. Leta hivi."

Nimekitundika kwenye msumari ulio kando ya dirisha langu, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Alipoondoka nilivilaza vidole vyangu juu yake. Pembeni ilibaki sehemu tupu ya sentimita mbili, nikauacha mkono wangu pale muda mrefu, mpaka chuma kikapata joto.